Macho Tuliyorudi Nayo

Wapo wazee katika nchi hii, wengi kuliko vijana wanavyodhani, ambao vyeti vyao vya masomo vina muhuri wa nchi isiyokuwepo tena. Ingia kwenye nyumba zetu, iwe Moshi, Dodoma, Tanga au Unguja, utakuta ukutani au ndani ya bahasha iliyochakaa shahada kutoka Ujerumani ya Mashariki, Umoja wa Kisovieti, Chekoslovakia au Yugoslavia. Sisi ndio tuliochaguliwa na serikali changa, ambayo wahandisi na madaktari wake wazalendo walikuwa wa kuhesabika, tukapewa tiketi na kuaswa kwamba mkulima wa jembe la mkono ndiye anayetungoja turudi. Tulikwenda kusoma na tulisoma. Hata hivyo miaka ile ilitupa kitu kingine ambacho hakikuandikwa kwenye cheti chochote, nacho ni namna ya kuitazama nchi yetu wenyewe. Nataka kulisema hilo sasa, kwa kuwa rika langu linapungua kila mwaka, na kwa kuwa wajukuu wetu nao wanakwenda ng'ambo kwa wingi na wanarudi na macho ya aina nyingine.

Mtoto aliyezaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro katika miaka ya 1950 aliijua Ulaya kabla hajaiona. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi mlimani mwaka 1893, babu zetu wakabatizwa mikononi mwao, nasi tukakua tukiimba kanisani, kwa Kichaga na kwa Kiswahili, tuni zilizotoka huko kwao. Katika fikra zetu Ulaya ilikuwa mahali palipokwisha kukamilika. Kule kulikuwa na barabara, mabomba na saa za minarani kwa sababu ndivyo kulivyoumbwa, na kwetu kulikuwa na matope na giza kwa sababu hiyohiyo. Hakuna mwalimu aliyetufundisha hivyo kwa maneno. Tuliyaokota hayo kwenye picha za vitabu, kwenye mazungumzo ya wakubwa, hata kwenye namna mzee mwenye shamba lake na ng'ombe wake alivyovua kofia mbele ya kijana wa Kizungu aliyekuja kukagua mibuni. Uhuru ulituondolea bendera ya mgeni mwaka 1961. Fikra zile zilikawia kuondoka.

Nilipelekwa Dresden kusomea uhandisi wa maji. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 30 tangu mabomu ya Februari 1945 kuuteketeza mji ule na kuua watu wapatao 25,000. Nilitegemea kukuta makovu, nikakuta kidonda. Katikati ya mji, kanisa mashuhuri la Frauenkirche lilikuwa lundo la mawe meusi, vipande viwili vya ukuta vimesimama pembeni, na vichaka vimeota juu yake. Jumba la opera lilikuwa gofu lililoanza kujengwa upya, na nikipita na tramu kwenda chuoni nilikuwa nawaona wachonga mawe wamejiinamia, kila mmoja na jiwe lake, wakirudisha maua na nyuso zilizoungua. Kazi ile ilikwisha Februari 1985, miaka 40 baada ya mabomu, nami nilikwisharudi nyumbani. Kanisa lenyewe lilingoja hadi 2005.

Mlangoni mwa bweni letu alikuwepo bibi mmoja, mtunza funguo, mwenye shali la kijivu na kidole cha shahada kisichonyooka. Tulimwamkia kila siku kama tulivyofunzwa kuwaamkia wazee, akatuzoea. Usiku mmoja wa baridi kali, huku akipanga funguo kwenye misumari yake, alinisimulia kwamba vita vilipokwisha alikuwa msichana, akapewa nyundo ndogo na kupangwa pamoja na wanawake wenzake mbele ya vifusi. Kazi yao ilikuwa kukwangua chokaa kavu kwenye matofali ili yajengewe tena. Walipokezana tofali moja moja kwenye mstari, mvua na theluji, kwa mgao wa mkate na viazi. Alionyesha ukuta wa bweni kwa kidevu akasema kwamba mengi ya matofali haya ni yale. Hakusema kwa majigambo wala kwa kutaka kuhurumiwa, na alipomaliza akaniuliza kama nimefunga dirisha la jikoni.

Wenzangu waliosoma Leipzig, Rostock, Kiev au Prague wanayo masimulizi yao, nami nimeyasikia kwenye misiba na harusi zetu kwa miaka mingi. Kila mmoja anataja mahali tofauti, lakini jambo ni lilelile: siku moja tuliutambua mji wa Ulaya kuwa ni kazi ya mikono. Uliwahi kuvunjika, ukainuliwa na watu wenye njaa, na mtu akiacha kuutunza kwa miaka michache unarudi kuwa lundo. Kwa kijana aliyelelewa akiamini kwamba Wazungu walizaliwa na barabara zao, hilo lilikuwa jambo zito. Kama Dresden haikuumbwa ilivyo, basi na kwetu hakukuumbwa kulivyo.

Mwaka 1977 kahawa iliadimika Ujerumani ya Mashariki. Baridi kali ilikuwa imeunguza mibuni ya Brazil miaka miwili kabla, bei ikapaa katika soko la dunia, na serikali ile haikuwa na fedha za kigeni za kutosha. Wananchi waliuziwa mchanganyiko, nusu kahawa na nusu vitu vya kukaanga ambavyo hakuna aliyetaka kuviuliza, na nchi nzima ikanung'unika kwa sauti ambayo hata chama kiliisikia. Ndizi nazo zilikuwa za bahati. Zilipofika dukani, mara nyingi karibu na Krismasi, watu walipanga foleni hadi kona ya mtaa, baba mtu mzima akitoka na ndizi zake chache kifuani kwa uangalifu. Kijana wa Kichaga alisimama akitazama. Kahawa na ndizi ndivyo vitu viwili vinavyopandwa pamoja kwenye kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, mbuni chini ya mgomba, na ndivyo tulivyovitoroka tukidhani tunaukimbia umaskini. Mama alinitumia kahawa kwa mkono wa mwanafunzi mwenzangu, kahawa iliyokaangwa kwenye chungu na kutwangwa kwa kinu, nikampa bibi wa funguo nusu yake. Aliifungua, akainusa kwa muda mrefu, kisha akaifungia kabatini na kusema ataingojea Jumapili. Mama yangu mwenyewe, aliyeipalilia, kuichuma na kuianika kahawa ile maisha yake yote, alikuwa mnywaji wa chai.

Kijana wa leo atasema tulipaswa kukasirika, na sehemu ya hasira hiyo ninaikubali. Bei ya kahawa ilipangwa mbali na sisi, na vyama vya ushirika ambavyo wazee wetu walivijenga tangu miaka ya 1920 na 1930 vilivunjwa na serikali yetu wenyewe mwaka 1976. Lakini kilichoniingia zaidi wakati ule kilikuwa heshima. Kihamba cha ekari mbili nilichokiona kidogo na cha aibu, kumbe kilikuwa kinalisha meza za watu wenye viwanda. Watu wangu hawakuwa wamekaa wakingoja kuendelezwa. Walikuwa kazini siku zote.

Nilijifunza Kijerumani Leipzig kabla ya kupelekwa Dresden, na huko ndiko nilikokutana na mlima wetu kwa mara nyingine. Hans Meyer, anayeandikwa kuwa Mzungu wa kwanza kufika kilele cha Kibo, tarehe 6 Oktoba 1889, alikuwa mtu wa Leipzig, wa ukoo wa wachapishaji wa vitabu. Alikipa kilele jina la Kaisari wa Ujerumani na kushuka na jiwe la kumpelekea, na jina lile likakaa hadi tulipokiita Uhuru. Hayo yalinichekesha zaidi ya kuniudhi, maana wachukuzi na viongozi wa njia waliompandisha walikuwa wa kwetu, na hakuna aliyewapa jiwe. Kilichonishika ni kitabu kingine. Bruno Gutmann, mchungaji aliyekaa Moshi ya Kale kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1926 kitabu kinene juu ya sheria za Wachaga. Nilikisoma maktabani kwa Kijerumani changu cha kuungaunga, kamusi ubavuni, nikazikuta humo taratibu za mfongo, yaani mfereji wa maji, ambazo babu yangu alikuwa akizisimamia nami mtoto nikiona ni kelele za wazee na pombe ya mbege: nani ana zamu, nani atoke kuzibua, nani atozwe kwa kuiba maji usiku. Nilikuwa nimevuka bahari kusomea maji, na maji ya nyumbani kwetu yalikuwa yamewekwa rafuni kama elimu.

Tulirudi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sitaipamba miaka ile. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha 1979 na Mwalimu Nyerere alikuwa ametuomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, mikanda ikabaki. Sabuni, sukari, viberiti na khanga vilikuwa vya foleni na vya kujuana. Tulikula unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano. Jumapili mchana magari yalikatazwa kutembea ili mafuta yasalie. Mhandisi mwenye shahada ya Ulaya alikwenda kazini na ndala, akaandika ripoti nyuma ya karatasi iliyokwishatumika, na mshahara wake haukumaliza wiki mbili. Wenzetu wengi walikwenda Botswana, Zambia na kwingineko walikohitajika na kulipwa, na siwalaumu, kwa kuwa walisomesha wadogo zao kwa fedha zile. Tuliobaki hatukuwa watakatifu. Wengine tulifuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba za serikali, wengine tuliuza maandazi kwa mikono ya wake zetu, na ofisini tulijua ni saa ngapi ya kutoka kuwahi foleni. Ila foleni haikututisha kama ilivyowatisha ambao hawakuwahi kusafiri, kwa sababu tulikwishaona Mzungu amesimama kwenye foleni, na tulijua kuwa haimpunguzii mtu utu wake.

Katika kazi yangu ndimo nilimoona zaidi. Mwaka 1971 serikali ilikuwa imejiwekea lengo la kila mwanakijiji kupata maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake ifikapo 1991. Lilikuwa lengo la watu wenye moyo mkubwa, nami bado naliheshimu. Wafadhili waligawana mikoa: Wafini walishika Mtwara na Lindi, Wadenmarki wakashika Iringa, Mbeya na Ruvuma, Wanorwe Rukwa na Kigoma, Waholanzi Shinyanga na Morogoro, Waswidi Kanda ya Ziwa. Kila mmoja alikuja na pampu zake na spea zake. Mashine iliyokwama Masasi haikuweza kusaidiwa na kipuri cha Sumbawanga. Nimefika kwenye vijiji ambako mradi ulizinduliwa kwa ngoma na ng'ombe wawili, na baada ya mwaka nikakuta pampu imenyamaza kwa kukosa dizeli au mkanda wa mpira, kuku wanatagia ndani ya nyumba ya mashine, na akina mama wamerudi mtoni na ndoo zao. Maji yalitolewa bure, kwa nia njema kabisa, na kwa hiyo hakukuwa na senti ya kununulia mkanda.

Wakati huohuo, mlimani kwetu, mifereji iliyochimbwa kabla Mjerumani hajafika ilikuwa ikipitisha maji. Mingine inaanzia kwenye banio la mawe, miti na majani ya migomba ndani kabisa ya korongo, inapita kwenye uso wa jabali, inavuka genge juu ya gogo lililochongwa, inafika kwenye bwawa la udongo tunaloliita nduwa, ambalo Wapare huliita ndiva, ambamo maji ya usiku hulala ili yagawanywe asubuhi. Siku moja nilisimamisha darubini ya kupimia kwenye kingo ya mfongo mmoja mrefu, nikapima mteremko wake kutoka banioni hadi vihambani. Ulikuwa mteremko hafifu, haukimbizi maji yakala kingo wala hauyalazi yakajaza matope, na ulikuwa hivyo karibu njia nzima, kwenye ardhi ambayo mbuzi huteleza. Mzee mwenye mfongo wake alikaa juu ya jiwe akinitazama na fimbo yake katikati ya magoti.

"Baba," akaniuliza, "hiyo mashine inakuambia nini?"

"Inaniambia mlichimba vizuri, Meku."

Akafikiri kidogo. "Na kama tungechimba vibaya, maji si yangekwisha kutuambia?"

Vitabu vyangu vilikuwa na sura nzima juu ya jambo hilo, lakini mzee alikuwa amelimaliza. Waliochimba walifungulia maji kidogo kidogo na kuyafuata, wakirekebisha kwa jembe pale yaliposita. Tena walijua kwamba kuchimba si mwisho. Mfongo una wenyewe, una mwenyekiti, una siku za msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na asiyetoka siku hiyo na jembe lake hutozwa au hunyimwa zamu. Ofisi nyingi nilizofanyia kazi zilikuwa na fedha za kujenga na hazikuwa na fungu la kuziba bomba lililopasuka. Wazee wa mfongo hawakuwa na fedha za kujenga chochote, na maji yao yalifika. Bibi wa funguo angewaelewa hata pasipo mkalimani.

Hapo ndipo tulipoiona nchi yetu kwa namna nyingine, nami ningependa vijana walielewe vizuri hili, maana mara nyingi wanatudhania kuwa wapenzi wa zamani. Hatukurudi tukiona kwamba nyumbani ni pazuri kuliko kwingine. Tuliona kwamba nyumbani kuna watu wanaofanya kazi kubwa pasipo kushangiliwa, na kwamba kazi inayotushinda ni ile ya siku ya pili, baada ya mgeni rasmi kuondoka. Tuliona pia kwamba hakuna dola ya milele. Nchi iliyotusomesha ilikuwa na polisi, viwanda na medali za Olimpiki, nasi tukaiona imara kuliko ya kwetu. Ukuta wa Berlin ulifunguliwa Novemba 1989, na ilipofika tarehe 3 Oktoba 1990 nchi ile haikuwepo. Wengi wetu tulikuwa tukivuka kwenda Berlin Magharibi kwa pasi zetu za Tanzania na kurudi na betri za redio na suruali za jinzi, wakati wenyeji wetu walioishi hatua chache kutoka ukutani hawakuruhusiwa. Sisi wa chama kimoja, wenye njaa na foleni, tulikuwa na nchi ambayo raia wake aliweza kuondoka na bado akataka kurudi. Huo haukuwa utajiri mdogo, ingawa haukuliwa.

Wajukuu zangu wanasoma na kufanya kazi Toronto, Guangzhou na Doha. Barua yangu ya kwanza kutoka Leipzig ilifika mlimani baada ya wiki nyingi, mama akasomewa na mwalimu, majirani wakisikiliza. Leo mjukuu ananionyesha kwenye simu chakula anachokula wakati huohuo anapokila, na msiba ukitokea kwetu asubuhi yeye anajua kabla ya mjomba anayekaa Arusha. Ni neema, wala simwonei mtu wivu wa mabaya. Ila naona kwamba umbali wetu ulitulazimisha kuibeba nchi kichwani kwa miaka, kuifikiri, kuipima, kubishana nayo usingizini, wakati wao wanaipata kila siku kwa vipande: ajali, kashfa, harusi, umeme umekatika. Wanaiona kila saa na hawapati nafasi ya kuikumbuka. Kisha Desemba wanapanda mlimani pamoja na wote wanaokuja kula Krismasi, wale ambao makabila mengine yanawatania kuwa wanakwenda kuhesabiwa. Wanakaa siku chache, wanachoma nyama, wanapiga picha na Kibo, na wananiuliza juu ya theluji.

Nawajibu kwamba theluji inakwisha kweli, kwa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 imekwishayeyuka. Halafu nawageuza watazame chini kidogo, kwenye msitu, kwa sababu mvua inayonaswa na msitu ndiyo inayolisha mito na mifongo, kuliko barafu ile ya juu inayopendwa na wapiga picha. Wanasikiliza kwa adabu. Hao ni watoto waliolelewa vizuri, na wana uhodari ambao sisi hatukuwa nao. Wanakaa kwenye nchi za watu bila serikali kuwatuma wala kuwaangalia, wanalipa kodi ya nyumba wenyewe, wanadharauliwa na kupanda cheo bila wimbo wa kuwapa moyo. Sisi tulikuwa na taifa zima nyuma yetu. Wao wana simu.

Mfongo wa ukoo wetu bado unapita, ingawa maji yamepungua na mingine jirani imekauka. Vihamba vimegawanywa vikawa vipande, mibuni imeng'olewa ikapandwa nyanya, na vijana wa kushika jembe siku ya msaragambo ni wachache. Walio mbali hutuma fedha ili alipwe kibarua badala yao. Jambo hili lilitugawa kwenye kikao: baadhi ya wazee walisema fedha haizibui mfereji, wengine wakasema kibarua naye ana watoto wa kulisha. Mimi nilikuwa upande wa kupokea fedha, kwa sababu nimeona miradi mingi ikifa kwa kukosa kiasi kidogo kuliko hicho. Lakini niliomba na nilipewa nyongeza moja, kwamba usafishaji mkubwa wa mwaka uhamishiwe wiki ya Krismasi, wakati wote wapo, na aliyetuma fedha naye atoke na jembe. Mwaka wa kwanza walitoka wachache, wamevaa viatu visivyofaa, wakauliza matope yanatupwa upande gani wa mfereji. Hutupwa upande wa chini, ili kingo ipate unene. Mwaka uliofuata hawakuuliza.